Mahali pa Kuweka Viungo Vyetu: Ushauri kwa Wanaosoma na Kuandika Bunia

Muulize mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, mtangazaji wa redio au katibu wa shirika la kiraia: viungo vya intaneti unavyotaka kuvirudia unaviweka wapi? Wengi watajibu WhatsApp. Wanajitumia wenyewe, au wanaviacha kwenye kikundi wakiamini kwamba siku ya haja watavipata. Siku ya haja ikifika, hawavipati. Kikundi cha watu mia mbili hupokea picha za harusi, matangazo ya misiba na habari za barabara ya Komanda kwa saa moja tu, na ripoti uliyoitaka kwa ajili ya TFC, kazi yako ya kumaliza masomo, imeshazama. Simu ikiibwa au kumbukumbu yake ikijaa, kila kitu kimekwenda.

Kuna huduma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Unahifadhi anwani ya ukurasa, unaandika maneno mawili matatu ya kukukumbusha una nini ndani, unaupa lebo, halafu unaufungua kutoka simu au kompyuta yoyote. Zaidi ya hayo, unaweza kufungua mkusanyiko wako kwa wenzako, nao wakaongeza vyao. Kwa Kiswahili cha kompyuta viungo vilivyohifadhiwa hivyo tunaviita alamisho, na hapa nazungumzia alamisho za pamoja: viungo ambavyo darasa, chumba cha habari au kamati nzima inavitunza mahali pamoja. Kwa mji kama Bunia, ambako maktaba ni chache na habari nyingi juu ya Ituri zinaandikwa na watu walioko Kinshasa, Geneva au New York, mkusanyiko wa namna hiyo ni mali ya kweli. Ndiyo maana nataka uchaguliwe kwa makini.

Watu wengi huchagua kwa kuangalia uzuri wa sura na idadi ya vitu huduma inavyoweza kufanya. Mimi nakushauri uanze na swali jingine kabisa: nikitaka kuondoka, nitaondoka na vitu vyangu? Nyumba unaikagua kwa kuangalia kwanza mlango wa kutokea.

Historia ya huduma hizi inanipa haki ya kusisitiza. Ile iliyoanzisha mtindo huu, del.icio.us, ilitengenezwa na Joshua Schachter mwaka 2003. Desemba 2005 ikanunuliwa na Yahoo, na kufikia mwisho wa 2008 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 5. Desemba 2010 ikavuja picha ya mkutano wa ndani wa Yahoo iliyoonyesha Delicious kwenye orodha ya huduma za kuzimwa, na watu wakaanza kukimbia. Ikauzwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, hadi Juni 2017 ikaishia mikononi mwa Maciej Cegłowski, mwenye huduma ndogo iitwayo Pinboard, kwa dola 35,000. Akaiacha isomeke tu, bila kupokea kiungo kipya. Yaani huduma ya mtu mmoja, iliyoanzishwa 2009 na kulipiwa na watumiaji wake wenyewe, ndiyo iliyoizika kampuni kubwa ya bure.

Usidhani hayo ni ya zamani. CiteULike, iliyotumiwa na watafiti tangu 2004, ilifungwa Machi 2019. Google Bookmarks ilifungwa Septemba 2021, licha ya utajiri wote wa Google. Omnivore ilifungwa Novemba 2024. Pocket, iliyoanza 2007 kwa jina la Read It Later na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilizimwa tarehe 8 Julai 2025, na watumiaji wakapewa miezi michache tu ya kuchukua vilivyo vyao. Mtu wa Bunia ambaye katika miezi hiyo hakuwa na mega za intaneti, au alikuwa amehama makazi, au hakuisoma barua pepe yake, alipoteza vyote.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Fungua akaunti, weka viungo 10, vipe lebo, kisha nenda kwenye mipangilio utafute mahali pa kuhamisha data yako. Pakua faili. Ukipewa faili la HTML, lifungue kwenye Firefox au Chrome ya kompyuta uone kama viungo vyote vimo. Hiyo ndiyo aina ambayo karibu kila kivinjari na kila huduma nyingine inaielewa. Angalia pia kama lebo na maelezo yako yametoka pamoja na viungo, kwa sababu huduma nyingine hutoa anwani tupu na kukuachia kazi ya kupanga upya. Kama hakuna mahali pa kuhamisha, au panafunguka kwa anayelipa peke yake, acha hapohapo. Usiendelee kusoma sifa zake nyingine.

Faili hilo la viungo mia kadhaa halizidi uzito wa picha moja ya simu. Linaingia kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye barua pepe, kwenye flashi ya rafiki. Lipakue kila mwisho wa mwezi.

Baada ya mlango, hesabu mega. Hapa ushauri unaoandikwa Ulaya na Marekani hautusaidii, kwa sababu wanaouandika hawanunui intaneti kwa vipimo vya siku moja. Huduma nyingi za sasa zinapenda kuonyesha kila kiungo na picha yake kubwa. Ukifungua orodha ya viungo 50, umevuta picha 50 ambazo hukuziomba. Tafuta kwenye mipangilio mwonekano wa orodha ya maandishi matupu. Kama haupo, huduma hiyo haikutufikiria sisi. Njia rahisi ya kupima: angalia salio la mega, tumia huduma nusu saa, angalia tena.

Pima pia hali ya kutokuwa na mtandao kabisa. Weka simu kwenye hali ya ndege, fungua programu, uone kinachobaki. Nyingine hubaki na orodha ya majina tu, nyingine hubaki tupu, na chache huwa zimeshapakua makala yenyewe, ukaweza kuisoma neno kwa neno. Tofauti hiyo ni kubwa kwetu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na haikurudi hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Aliyekuwa na makala zake ndani ya simu aliendelea kufanya kazi. Na tukiacha mambo makubwa ya nchi, kuna usiku wa kawaida ambapo umeme hakuna, mnara wa mtandao umelala, na kesho asubuhi una mtihani.

Jambo la tatu naomba ulisome polepole, kwa sababu linahusu usalama wa mtu. Neno "pamoja" kwenye alamisho za pamoja lina maana kwamba watu wengine wanaona. Katika huduma za mwanzo, kila ulichohifadhi kilikuwa wazi kwa dunia nzima usipokificha. Huduma nyingine bado zinafuata mtindo huo, nyingine zimeugeuza: kila kitu ni siri mpaka uamue kukifungua. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mwandishi anayefuatilia mashambulizi ya Djugu au ya Irumu, akiweka hadharani viungo 40 juu ya kundi moja lenye silaha, ametangaza anachochunguza, na pengine hata siku alizokuwa anakichunguza, kwa kuwa huduma hizi huandika tarehe. Muuguzi anayekusanya makala juu ya ubakaji, mwanasheria anayefuatilia mgogoro wa ardhi, wote wako katika hali hiyo.

Chagua, basi, huduma ambayo siri ndiyo hali yake ya kwanza, na inayokuruhusu kuufungua mkusanyiko mmoja bila kufungua mingine. Kisha ihakiki: toka kwenye akaunti yako, au tumia simu ya mwenzako, andika anwani ya ukurasa wako uone kinachoonekana na mtu asiyekujua. Mikusanyiko ya kazi ngumu usiipe majina yanayosema kila kitu. Simu inaweza kukaguliwa njiani. Programu iliyofunguliwa muda wote yenye folda iitwayo kwa jina la kundi au la afisa ni hatari isiyo na lazima. Unaposafiri, toka kwenye akaunti.

Kuna na upande wa sheria. Kanuni ya mambo ya dijitali ya nchi yetu, amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao ya kijamii, na inamwadhibu vilevile anayeisambaza. Mkusanyiko wa hadhara wenye makala ya kumchafua mtu, hata kama uliihifadhi kwa ajili ya kuikanusha, unaweza kukuletea maswali. Kiungo cha namna hiyo kiweke kwenye sehemu ya siri, na uandike chini yake kwa nini umekiweka.

Sasa niseme juu ya lebo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapovunjika, hata vikiwa vimechagua huduma nzuri. Sisi tunasoma kwa lugha tatu au nne. Makala ya Radio Okapi iko kwa Kifaransa, ripoti ya Umoja wa Mataifa kwa Kiingereza, mazungumzo ya kikundi kwa Kiswahili. Mmoja ataandika lebo "usalama", wa pili "sécurité", wa tatu "security", na baada ya miezi mitatu mna mikusanyiko mitatu isiyojuana. Majina ya mahali nayo yana vituko vyake: mtaa wa Mudzipela utaukuta umeandikwa neno moja, maneno mawili, au kwa kistari katikati. Mashine haijui kwamba huo ni mtaa mmoja.

Kabla ya kumwalika mtu wa pili, kaeni mwafikiane lugha moja ya lebo. Napendelea Kiswahili kwa mada na jina rasmi la utawala kwa mahali, kwa herufi ndogo zote, bila nafasi. Kila kiungo kipate lebo tatu tu: wapi, nini, mwaka gani. Wapi iwe moja ya maeneo matano ya mkoa, yaani aru, djugu, irumu, mahagi, mambasa, au bunia kwa mji wenyewe. Nini itoke kwenye orodha fupi ambayo mmeiandika na kuibandika ukutani: afya, ardhi, elimu, madini, usalama, na kadhalika. Mwaka uwe wa tukio, si wa siku uliyoisoma habari. Lebo zikizidi hapo, watu wanachoka na wanaacha kuziweka. Huduma mtakayochagua iwe na uwezo wa kubadili jina la lebo mara moja likabadilika kila mahali. Bila hilo, kosa la tahajia la mwezi wa kwanza mtaishi nalo daima.

Sehemu ya maelezo msiiache tupu. Andikeni sentensi moja kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya habari yenyewe. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao uliua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, takwimu zilibadilika kila siku na maelekezo juu ya chanjo na mazishi yalibadilika nayo. Kiungo kisicho na tarehe kilichosambazwa wiki sita baadaye kilikuwa tayari ni uzushi, ingawa siku kilipoandikwa kilikuwa kweli tupu. Maelezo ya mstari mmoja yanamsaidia pia mwenzako asiye na mega za kutosha: anasoma mstari huo, anaamua kama ukurasa wenyewe unastahili kufunguliwa.

Kuhusu malipo sina mengi. Huduma nyingi za kulipia zinataka kadi ya Visa au kitu kinachofanana nayo, na pesa ya simu hazipokei. Kama huna kadi, usifungue akaunti ya majaribio ya siku 30 ukitumaini utapata njia baadaye. Viungo vyako vitafungiwa ndani. Aliye na kadi asione vibaya kulipa, maana mfano wa Pinboard unaonyesha kwamba anayelipwa na watumiaji wake ana sababu ya kubaki.

Nitaje majina. Kwa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotumia simu, Raindrop.io ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Imetengenezwa na Rustem Mussabekov wa Kazakhstan, sehemu yake ya bure haina kikomo cha viungo, mikusanyiko ni siri mpaka uifungue, unaweza kualika wenzako, na faili la kuhamisha unalipata bila kulipa. Anayelipa anaongezewa nakala za kudumu za kurasa na utafutaji ndani ya maandishi. Upungufu wake ni picha zile nilizozitaja, ambazo unaziondoa kwa kuchagua mwonekano wa orodha, na usomaji bila mtandao, ambao si nguvu yake.

Mwanafunzi anayeandika TFC au memwari, iwe ISP, Chuo Kikuu cha Bunia au Shalom, asihangaike na hayo, atumie Zotero. Ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani mwaka 2006, ni ya bure, na maktaba yako inakaa ndani ya kompyuta yako, hivyo umeme na betri vikiwepo unafanya kazi hata mtandao usipokuwepo. Inakuandikia marejeo ndani ya Word au LibreOffice, kazi inayowala wanafunzi wetu usiku mzima. Kikundi cha darasa kinaweza kuwa na maktaba ya pamoja iliyofungwa kwa wasioalikwa. Nafasi ya bure ya kuweka mafaili kwenye seva yao ni megabaiti 300, lakini viungo na maelezo havihesabiwi humo. Basi zima uhifadhi wa mafaili ya PDF kwenye seva, na nafasi hiyo itakutosha miaka.

Kwa anayetaka kusoma bila mtandao, wallabag. Ni programu huria iliyoanzia Ufaransa mwaka 2013, ina Kifaransa, na programu yake ya Android inapakua maandishi ya makala yakiwa yamevuliwa matangazo, ukasoma popote. Kuna wanaoitoa kwa malipo ya mwaka, na shirika lenye fundi linaweza kuiweka kwenye seva yake lenyewe. Narudia: lenye fundi. Seva isiyo na mtu wa kuisasisha na kuilipia ni njia ya haraka ya kupoteza kila kitu, na mradi wa miezi 12 ukiisha, mara nyingi fundi naye anaondoka. Diigo ni nzuri kwa kupiga mistari ndani ya kurasa na kujadiliana kama kikundi, ingawa sehemu yake ya bure ina mipaka. Ijaribu kwa viungo vichache kabla ya kujifunga.

Akaunti ya kikundi isifunguliwe kwa barua pepe ya mtu. Katibu akihamia Kampala au Kisangani, anaondoka na ufunguo. Fungueni barua pepe ya shirika, nenosiri lijulikane na watu wawili wanaoaminiana, na uthibitisho wa hatua mbili msiufunge kwenye laini moja ya simu kwa SMS. Tumieni programu ya kutengeneza namba, na namba za akiba ziandikwe kwenye karatasi inayokaa kwenye kabati.

Kiungo kinaweza kufa hata kama huduma iko hai. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa Mei 2024 uliona kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Tovuti za miradi na za redio ndogo hufa haraka zaidi, kwa sababu anayelipia jina la tovuti anaondoka na fedha zake. Ukipata ukurasa wa maana juu ya Ituri, nenda web.archive.org/save, bandika anwani yake, subiri, kisha hifadhi viungo vyote viwili: cha asili na cha nakala. Haikugharimu kitu. Ila hata Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2024 ikafungwa kwa siku kadhaa, hivyo zile kurasa chache zisizoweza kukosekana zihifadhi kama PDF ndani ya kompyuta yako.

Usianze kwa kuhamisha viungo elfu moja vya WhatsApp. Chukua 20 unavyovihitaji wiki hii, viweke, vipe lebo, andika maelezo, tumia huduma hiyo mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi pakua faili lako, ulifungue, na nakala moja umpe mtu unayemwamini anayeishi nje ya Bunia. Ikiwa hatua hiyo imekushinda kwa sababu ya huduma yenyewe, hama siku hiyohiyo, viungo vikiwa bado ni 20.